Mhunzi wa mashoka na panga West Nile: kwa nini kazi yake huanza kwa swali

Mkulima wa Lurujo, au wa sehemu nyingine yoyote ya Koboko na Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, akihitaji shoka ana njia mbili. Anaweza kwenda dukani akanunua lililotoka kiwandani, au akabeba kipande cha springi ya lori, akampelekea mhunzi na kuagiza shoka linalomfaa yeye mwenyewe. Akichagua njia ya pili, atakutana na swali kabla moto haujawashwa: shoka hili ni la kazi gani?

Swali hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni ya ufundi, kwa kuwa shoka la kuangushia mti, shoka la kupasulia kuni na shoka la kuchongea mpini hayafuliwi kwa namna moja. Ya pili ni ya dhamana. West Nile inapakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wakazi wake wameonja vita na ukimbizi zaidi ya mara moja. Katika mazingira hayo, fundi anayetengeneza chuma chenye makali kwa agizo la mtu binafsi hawezi kusema kwamba hayamhusu yatakayotokea baadaye.

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, ugumu wake, na mambo yanayoamua kama itaendelea kumlisha mtu.

Urithi wa wafua chuma

Uhunzi katika mkoa huu haukuletwa na gereji za magari. Wakebu, ambao pia huitwa Okebu, wanaoishi hasa katika nyanda za juu za Zombo na ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, walijulikana tangu kale kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki. Majirani zao Waalur waliwategemea kwa zana hizo. Mwanaanthropolojia Aidan Southall, aliyechapisha kitabu chake kuhusu jamii ya Waalur mwaka 1956, aliwaeleza Okebu kama mafundi chuma waliokuwa na nafasi yao maalumu chini ya machifu wa Kialur.

Upande wa Koboko, Wakakwa huzungumza lugha iliyo karibu sana na Kibari cha Sudan Kusini. Miongoni mwa Wabari wa zamani, wahunzi walihesabiwa kuwa tabaka la peke yake: walitegemewa na kila mtu, na papo hapo walitengwa katika mambo ya ndoa na heshima. Hali kama hiyo imeonekana katika jamii nyingi za Afrika. Mtu anayegeuza jiwe kuwa jembe alihitajiwa na pia aliogopwa.

Jembe lenyewe lilikuwa mali. Katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Uganda na kusini mwa Sudan, majembe ya chuma yalitolewa kama mahari na kubadilishwa kwa mifugo na nafaka. Mashariki zaidi, wahunzi wa Labwor, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Abim, waliwafulia majirani zao Wakaramojong, Waacholi na Walango mikuki na majembe.

Vyuma vya viwandani kutoka Ulaya vilipoenea wakati wa ukoloni, kazi ya kuyeyusha mawe ilififia. Haikuwa na faida kukata miti na kuwasha tanuri mchana kutwa ili kupata chuma kidogo, ilhali chuma kilichokwisha kusafishwa kilipatikana sokoni. Ila ufuaji wenyewe haukufa. Mhunzi aliacha kuchimba mawe, akaanza kuokota vyuma chakavu.

Kuchagua chuma

Chakavu hazilingani, na mhunzi asiyejua kuchagua hupoteza mkaa, nguvu na mteja. Nondo ya kujengea ina kaboni kidogo. Hupindika kwa urahisi, lakini hata ikizamishwa katika maji haishiki ugumu wa kutosha, na shoka lake hukunjika makali siku ya kwanza. Springi ya gari ni tofauti. Imetengenezwa kwa chuma cha pua chenye kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, kiasi kinachokiwezesha kuwa kigumu bila kuvunjika kama kioo. Kwa panga na visu, bamba moja la springi hutosha. Kwa shoka zito, mhunzi hutafuta bamba nene la lori au kipande cha ekseli, ambacho huhitaji nyundo kubwa na msaidizi mwenye mikono imara.

Barabara ya lami inayotoka Vurra, mpakani na Kongo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini, ina urefu wa takriban kilomita 92 na hupitisha malori mengi ya mizigo. Kila springi inayovunjika njiani ni malighafi ya mtu fulani.

Kuna kipimo rahisi cha kutambua chuma kisichojulikana. Ukikigusisha kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota ndogo, na kile chenye kaboni kidogo hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Kipimo kingine ni kupasha moto kipande kidogo, kukizamisha katika maji, kisha kukipiga. Kikipinda hakifai kwa makali. Kikikatika, kinafaa, ilimradi fundi ajue kukituliza.

Motoni na juu ya fuawe

Vifaa vya mhunzi ni vichache. Anahitaji tanuri la udongo au shimo la moto, mivukuto ya kupuliza hewa, koleo, nyundo, tindo ya kukatia, tupa, chombo cha maji au mafuta, na fuawe, yaani kipande kizito cha chuma kinachopokea mapigo. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi ilitumika tangu zamani. Siku hizi mafundi wengi wa Afrika Mashariki hutumia feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, au feni ya umeme pale umeme unapopatikana.

Chuma hufuliwa kikiwa na rangi ya chungwa iliyokolea. Kikipoa hadi wekundu wa giza, kukiendelea kukipiga ni kukitia nyufa ambazo jicho halizioni. Kikiachwa motoni hadi kiwe cheupe na kuanza kurusha cheche, kimeungua, na chuma kilichoungua hakitengenezeki tena. Ndiyo maana wahunzi wengi hupenda kivuli. Katika jua kali rangi ya chuma haionekani vizuri, na rangi ndiyo kipimajoto chao.

Hapa ndipo jibu la lile swali la kwanza linapoanza kutumika. Shoka la kuangushia mti huwa jembamba, ili lipenye ndani ya mbao. Shoka la kupasulia kuni huwa nene kama kabari, ili litanue kuni badala ya kunasa. Panga la kufyeka nyasi huwa jepesi na refu, na lile la kukatia matawi huongezewa uzito kuelekea ncha. Mteja mrefu huhitaji mpini mrefu, na mwanamke anayechanja kuni kila jioni hahitaji shoka la kumchosha bega kabla ya chakula kuiva. Kiwandani, mtumiaji hubuniwa kwa wastani wa watu wote. Mhunzi humwona mtumiaji akiwa amesimama mbele yake.

Kuna pia suala la namna ya kushikanisha shoka na mpini. Shoka la asili katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kati lina mkia mwembamba unaopenyezwa katika kichwa kinene cha mpini, kwenye tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto. Kila pigo husukuma mkia ndani zaidi, kwa hiyo shoka hujikaza lenyewe kadiri linavyotumika. Udhaifu wake ni kwamba mpini uliokauka sana unaweza kupasuka. Shoka la kiwandani lina tundu katika chuma chenyewe, na mpini hupitishwa humo na kubanwa kwa kabari. Kulifua kwa mkono ni kazi ndefu zaidi, na kabari ikilegea chuma huweza kuruka. Kwa mipini, mti mgumu usiopasuka ovyo kama mkwaju hupendwa.

Sekunde chache za matiko

Saa nyingi za kazi huamuliwa katika sekunde chache. Kiswahili kina neno zuri kwa hatua hiyo: matiko. Kutia matiko ni kukipa chuma ugumu kwa kukipasha moto na kukipoza ghafla, kisha kukipunguzia ukali wa ugumu huo.

Chuma cha springi hupashwa hadi kupita kidogo nyuzi 800 za Selsiasi. Fundi asiye na kipimajoto anaweza kutumia sumaku, kwa kuwa katika nyuzi 770 hivi chuma huacha kuvutwa nayo. Kinapovuka hapo kidogo, ndio wakati wa kukizamisha. Springi nyingi hupasuka zikitiwa katika maji baridi, ndiyo sababu mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika hupendelewa, au hutumbukizwa makali peke yake huku mgongo ukiachwa nje.

Chuma kilichotoka kuzamishwa ni kigumu mno na kinaweza kuvunjika kikianguka chini. Kwa hiyo hupashwa tena polepole. Fundi husugua sehemu ya makali mpaka ing'ae, kisha hutazama rangi zikipita juu yake: kwanza manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 230, halafu kahawia, zambarau karibu 280, na buluu karibu 300. Kisu kinachokata vitu laini huweza kusimamishwa kwenye manjano. Shoka linalopigwa kwa nguvu juu ya mti huachwa lifike zambarau au buluu, lipoteze ugumu kidogo na lipate uvumilivu.

Akichelewa, makali yatakuwa laini na mteja atarudi kulalamika baada ya wiki moja. Akiwahi, makali yatabaki dhaifu, na kipande kinaweza kuruka na kumpiga mtumiaji jichoni. Mhunzi hana karatasi ya udhamini. Anachokitoa ni jina lake tu, na katika kijiji ambamo kila mtu anajua shoka lile lilifuliwa na nani, jina likiharibika hakuna tangazo litakaloliokoa.

Upanga si panga

Kwa msomaji wa Kiswahili, maneno yenyewe yanaweza kuleta mkanganyiko. Upanga, ambao wingi wake ni panga, ni silaha ndefu ya vita au ya heshima. Panga, ambalo wingi wake ni mapanga, ni zana ya shambani. Herufi moja inatenganisha vitu viwili ambavyo sheria na jamii huvitazama kwa macho tofauti.

Kihistoria, upanga mrefu haukuwa silaha kuu ya watu wa West Nile. Walugbara walijulikana zaidi kwa upinde na mishale, na mikuki ilienea kote. Magharibi zaidi, kaskazini mashariki mwa Kongo, Wamangbetu na Wazande walikuwa na visu na panga za umbo la mundu zilizofuliwa kwa ustadi mkubwa. Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu mwaka 1870, alivutiwa sana na kazi za wahunzi wa huko. Kenya ina sime za Wamaasai na Wakamba, na pwani ya Waswahili ilipokea majambia na panga za mtindo wa Oman, ambazo hadi leo hubebwa huko katika sherehe na ngoma.

Upanga humsumbua fundi kuliko shoka. Urefu wake huhitaji moto ulioenea sawasawa. Sehemu moja ikiwa na joto zaidi, upanga hupinda unapozamishwa, na kuunyoosha kunaweza kuuvunja. Uzito nao lazima usogezwe karibu na kipini, la sivyo mkono huchoka. Kwa hiyo, mtu anayeagiza upanga kwa ajili ya ngoma, maigizo au kumbukumbu ya nyumbani anaagiza kazi ya gharama. Na kwa maigizo, upanga salama ni ule ambao haukunolewa kabisa.

Swali la pili: ni ya nani, na kwa nini?

Sheria ya adhabu ya Uganda haimkatazi mkulima kuwa na panga au shoka. Lakini kutembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ni kosa. Katika shitaka la unyang'anyi, chombo chochote kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa kudunga au kukata huhesabiwa kuwa silaha ya kuua. Neno "kurekebishwa" linamgusa mhunzi moja kwa moja. Mtu anayeleta panga la shambani akitaka linolewe pande zote mbili na lichongwe ncha anamwomba fundi abadilishe zana kuwa silaha.

Uganda imeona jinsi zana inavyoweza kugeuka. Mwaka 2021, katika eneo la Masaka, kusini mwa nchi, watu zaidi ya 20, wengi wao wazee, waliuawa usiku kwa mapanga katika muda wa majuma machache. West Nile nayo ina kumbukumbu zake. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu ya wakazi walikimbilia Sudan na Zaire, na miaka ya waasi ilifuata hadi kundi la UNRF II lilipotia saini mkataba wa amani na serikali mwezi Desemba 2002. Leo mkoa huohuo unawahifadhi wakimbizi. Kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe, iliyofunguliwa mwaka 2016, ni miongoni mwa makazi makubwa zaidi ya wakimbizi duniani.

Katika makazi hayo shoka, jembe na panga si vitu vya kutilia shaka. Ni vitu vya kwanza ambavyo familia inavihitaji ili kusimamisha nyumba na kulima kiwanja kidogo ilichopewa. Lakini shoka hilohilo likiingia katika msitu wa wenyeji bila makubaliano huzua ugomvi, kwa kuwa kuni ni miongoni mwa mambo yanayogombaniwa zaidi kati ya wageni na wenyeji wao.

Mhunzi mwangalifu basi hujilinda kwa mambo machache. Humfahamu mteja au humtaka aje na mtu anayefahamika. Huandika agizo na tarehe katika daftari. Hupiga alama yake kwenye chuma, ingawa alama hiyo itamtangaza kwa mema na kwa mabaya. Hukataa kazi ambayo maelezo yake hayaeleweki, hata kama arubuni imekwisha kuwekwa mezani. Kukataa ni hasara ya siku moja. Kukubali kunaweza kumfikisha mahakamani kama shahidi, au pabaya zaidi.

Mkaa, umeme na mshindani wa dukani

Gharama kubwa ya mhunzi ni mkaa. Mwezi Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika maeneo ya kaskazini, West Nile ikiwemo, kwa ajili ya kuokoa misitu. Sababu ya amri hiyo inaeleweka kwa yeyote aliyeona miti ikipungua. Kwa mhunzi, maana yake ni kwamba kila pumzi ya mivukuto ina bei. Mafundi hupunguza matumizi kwa kutengeneza tanuri dogo lenye kuta nene, kwa kunyunyizia maji kingo za moto ili usitambae, na kwa kukusanya maagizo kadhaa ya kufuliwa siku moja.

Umeme nao umebadili mambo. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa katika gridi ya taifa. Kituo cha maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kilianza kazi mwaka 2012, na gridi ya taifa ilifika mkoani mwaka 2024. Palipo na umeme, grainda humaliza kwa dakika chache kazi ambayo tupa huifanya kwa nusu siku. Ila grainda isiyotazamwa hupasha makali moto hadi yawe buluu, na hapo matiko yote hupotea.

Mshindani mkuu ni jembe na panga la kiwandani, ambavyo hupatikana mara moja na kwa bei nafuu. Mhunzi hawezi kushinda kwa wingi. Anashinda pale ambapo duka halina jibu: kurefusha jembe lililolika, kutia upya matiko panga lililolainika, kufua shoka la uzito maalumu, kutengeneza tezo ya fundi mizinga. Kwa wengi, ukarabati ndio unaolipa kodi ya banda, na agizo maalumu ndilo linalojenga jina.

Hatari za bandani

Kazi hii huumiza. Cheche huharibu macho, na miwani ya kinga ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko matibabu yoyote. Moto wa mkaa katika banda lililofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua. Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki yakichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Shokomzoba za magari zilizoziba huweza kulipuka zikitiwa motoni.

Katika mkoa uliopitiwa na vita kuna hatari moja zaidi. Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu ya ardhini, lakini chakavu huvuka mipaka. Kipande cha chuma chenye umbo la yai, chupa au bomba lililozibwa, ambacho hakuna anayejua kilikotoka, hakipaswi kupigwa nyundo wala kubebwa hadi bandani. Kiachwe kilipo, na polisi waarifiwe.

Nani atashika nyundo?

Uhunzi hujifunzwa kwa kutazama. Kijana huanza kwa mivukuto, akijifunza rangi za moto kabla ya kuruhusiwa kushika koleo. Kisha hupiga nyundo kubwa pale mwalimu wake anapogusa kwa ndogo. Mwisho kabisa hukabidhiwa matiko. Vyuo vya ufundi hufundisha uchomeleaji, na cheti chake humfungulia kijana mlango wa gereji au kiwanda. Lakini uchomeleaji haumfundishi kusoma rangi ya zambarau ikipita juu ya makali, wala kumsoma mteja anayekwepa kueleza kazi ya panga analoliagiza.

Wazee wa Kiswahili husema kinolewacho hupata. Mhunzi wa Koboko au Arua anajua kwamba kikishapata, hakichagui kinachokikata. Ndiyo sababu huuliza mapema, chuma kikiwa bado baridi na kazi ikiwa bado inaweza kukataliwa.